Magoti Yetu, Migongo Yetu na Dumu la Maji



Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Huku kwetu Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja, sote ni watembezi, na wazee wetu wengi miguu yao imekwisha kuliwa hasa. Pita barazani baada ya laasiri uwasikilize. Huyu amejishika kiuno, yule akanda goti, na mwingine akitaka kuinuka huanza kwa "Bismillahi", kisha goti likaalika hata aliyekaa mwisho wa baraza akageuka. Ukiuliza, jawabu ni moja tu: "Uzee huu, mjukuu wangu, na upepo wa kusi." Mimi nasema uzee na kusi vimesingiziwa mengi. Sikatai kwamba umri una sehemu yake. Lakini sehemu kubwa twaitia wenyewe, kwa tunavyobeba, tunavyokula, tunavyokaa na tunavyomeza vidonge, na hiyo ndiyo sehemu inayoweza kupunguzwa.

Tena msidhani ni sisi peke yetu wa kisiwani. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna tatizo lingine la afya linalowalemaza watu wengi kuliko hilo. Ugonjwa wa kuchakaa viungo, ambao hupenda zaidi kukaa gotini, ulikuwa na watu milioni 528 mwaka 2019.

Tuanze na goti lenyewe. Goti ni kama bawaba ya mlango. Fupa la paja limekaa juu ya muundi, na mbele yao kuna kile kifupa cha mviringo kiitwacho kilegesambwa. (Wanachama wenzangu, neno hili ni letu na ni tamu, mbona hatulitumii?) Ncha za mifupa zimevikwa gegedu, kile kitu cheupe chenye kuteleza unachokiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Katikati mna ute wa kulainisha. Sasa, jambo lililonishangaza katika somo la Bayolojia ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu. Je, lapataje chakula? Lapata kutokana na ule ute. Unapotembea, gegedu hubinywa na kuachiwa, hubinywa na kuachiwa, kama sifongo. Likibinywa hutoa uchafu, likiachiwa hufyonza chakula kipya. Kwa hivyo goti lisilotembezwa ni goti lenye njaa. Lishikeni hilo, kwa sababu wengi wetu goti likiuma jambo la kwanza ni kuliweka juu ya mto mchana kutwa.

Mgongo nao si mfupa mmoja. Ni pingili, 7 za shingo, 12 za kifuani, 5 za kiunoni, kisha zile zilizoungana hadi kwenye kifandugu. Baina ya pingili na pingili kuna diski, kama mto mdogo wenye ukingo mgumu na ndani laini. Zile 5 za kiunoni ndizo wapagazi, karibu mzigo wote wa juu huangukia hapo.

Na mizigo tunayo. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, maji ya visima yana chumvi, na kwa miaka na miaka watu wameishi kwa maji ya mvua ya mabirika na kwa madumu yanayovushwa kutoka Shimoni. Kila dumu huinuliwa kuingia chomboni, huinuliwa kutoka, hupandishwa gati, hupelekwa nyumbani juu ya mawe. Sasa tufanye hesabu ya wenzo tuliyosoma katika Fizikia. Dumu la lita 20 lina kilo 20. Ukiinama kulichukua hali liko mbali nawe, tuseme sentimita 40 kutoka uti wa mgongo, kinacholizuia lisikuangushe ni misuli ya mgongoni, na misuli hiyo iko karibu mno na uti, kiasi cha sentimita 5 tu. Basi 20 mara 40 ni 800, na 800 ukigawa kwa 5 ni 160. Yaani misuli ya kiuno yavuta kana kwamba imeshika kilo 160, na hapo hujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako mwenyewe. Lisogeze dumu hadi sentimita 20 na hesabu itashuka hadi kilo 80. Dumu ni lile lile, maji ni yale yale. Kwa hiyo lisogelee dumu kwanza, kunja magoti, likumbatie karibu na tumbo, inuka kwa nguvu ya mapaja, na ukitaka kugeuka geuza miguu, si kiuno.

Kuna wanaosema kubeba kichwani ndiyo dawa. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya akina mama wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukamba wa kwenye paji la uso. Waliona kwamba mama aliyezoea aweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Ni sifa kubwa kwa mama zetu! Lakini tusome vizuri. Walipima pumzi, hawakupima mifupa ya shingo. Isitoshe, asilimia 20 ya mama wa kilo 60 ni kilo 12, na dumu letu ni kilo 20. Mimi naona afadhali madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, mwili ukae wima. Wazee wa zamani walilijua hili, ndiyo maana walikuwa na mzegazega, ule mti wa begani wenye mzigo huku na huku.

Mtaniwia radhi wavulana, lakini sharti niseme. Katika nyumba nyingi dumu ni la mama na dada. Mvulana wa miaka 17 mwenye mapaja kama nguzo za gati yuko uwanjani, na mama wa miaka 50 mwenye goti bovu yuko njiani na maji ya kuogea huyo mvulana.

Sasa tuingie jikoni. Mwaka 2005 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wake Forest huko Marekani waliwapima watu wanene wenye magoti mabovu, wakaona kwamba kila kilo moja ya mwili inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Piga hesabu tena: ukipunguza kilo 5, kila hatua goti limetuliwa kilo 20. Hilo ni dumu zima! Na kwa siku mtu hutembea hatua elfu kadhaa.

Simwambii mtu ajinyime. Chakula chetu cha asili hakina lawama: samaki, mihogo, kunde, mchicha, mtsunga, kisamvu, machungwa na maembe ya msimu. Kilichotuharibia ni kipimo. Wali wa tui zito, sahani imejaa mlima, na mboga iko pembeni kama mgeni asiyealikwa. Mahamri asubuhi, viazi karai jioni. Tena chai. Mtu mmoja hutia vijiko 4 vya sukari kikombeni na kunywa vikombe 3 kwa siku, hivyo ni vijiko 12, karibu gramu 48. Mwezi mzima ni karibu kilo moja na nusu ya sukari, mtu mmoja, kwenye chai peke yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa ikiwa chini ya gramu 25 hivi kwa siku ni bora zaidi, yaani kama vijiko 6. Anayetaka kuanza aanzie hapo kwenye chai, kijiko kimoja kimoja, ulimi utazoea. Kisha wali uwe robo ya sahani, mboga nusu, na samaki, ambaye sisi hatununui kwa bei ya Nairobi, apikwe mchuzi au achomwe, asizamishwe mafutani kila siku.

Na bamia? Huku pwani utaambiwa kula bamia kwa wingi ili ute wake uingie magotini. Nimelisikia kwa watu wazima wenye heshima zao. Lakini ute wa bamia ukifika tumboni huvunjwavunjwa kama chakula kingine chochote, hauna njia ya kuteremka hadi kwenye goti ukiwa bado ute. Ule wa goti hutengenezwa na goti lenyewe. Hata hivyo, kula bamia! Ni mboga nzuri, yashibisha na hainenepeshi, na kwa njia hiyo goti litashukuru.

Hapa niseme neno kuhusu majina, kwa kuwa sisi ni Chama cha Kiswahili. Watu huita maumivu yote "baridi yabisi". Lakini lugha yetu ina jina jingine, jongo, nalo si ugonjwa ule wa kuchakaa. Jongo huja ghafla, mara nyingi usiku, kidole gumba cha mguu kikawa chekundu na kuvimba hata shuka likikigusa mtu apiga ukelele. Chanzo chake ni asidi ya yuriki iliyozidi katika damu. Mwenye jongo apunguze nyama nyekundu, maini, dagaa na vinywaji vya sukari, pombe ndiyo kabisa, na anywe maji mengi. Kwa hiyo dagaa wanaomfaa jirani yako huenda wewe wasikufae, na ndiyo sababu ni lazima ujue una lipi kabla ya kuiga mwiko wa mtu.

Kuna na maumivu yanayoletwa na mbu. Neno chikungunya, ambalo madaktari wa dunia nzima wanalitumia, ni la Kimakonde, maana yake ni kile kinachopinda, na ugonjwa huo ulijulikana kwa jina hilo baada ya kuzuka kwenye uwanda wa Wamakonde huko Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Ulizuka Lamu mwaka 2004, wakati wa ukame, watu wakiwa wameweka maji majumbani, na ukaingia Mombasa tena mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Homa huisha baada ya siku chache, lakini viungo vyaweza kuuma kwa miezi. Mbu wake huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyowekwa. Sisi tunaoishi kwa mabirika na madumu tufunike kila chombo.

Nije sasa kwenye vidonge, ambavyo ndivyo vilivyonifanya nichukue kalamu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa hodari wa pweza. Maji ya bamvua yakitoka, yeye alikuwa mwambani na kijiti chake, ameinama saa mbili, saa tatu. Goti la kushoto lilipoanza kuvimba alinunua vidonge dukani, viwili asubuhi na viwili jioni, bila karatasi ya daktari. Vilimpa raha, na hilo ndilo tatizo, kwani aliendelea navyo miezi mingi. Kisha tumbo likaanza kumchoma, hata pilipili akaiacha. Nilimsindikiza hospitalini Msambweni. Alipopimwa presha ilikuwa juu. Dawa hizo zilikuwa diklofenaki. Dawa za jamii hiyo, pamoja na aibuprofeni, hutuliza uvimbe kweli, lakini zikinywewa kwa muda mrefu zaweza kutia vidonda tumboni, kupandisha presha na kudhuru figo, na mzee ndiye aliye hatarini zaidi. Aliambiwa aache siku ile ile, akapewa mafuta ya kupaka na kupelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi.

Mtaalamu alikuwa kijana mpole. Alimwamkia shikamoo, akalikunja goti na kulikunjua, akasema, "Bibi, goti lako halikuvunjika, limechakaa. Gegedu lililokwisha halirudi. Lakini tukiipa misuli ya paja nguvu, itabeba kazi ambayo goti linaifanya peke yake."

Kisha akamwambia akae kitini na kuinuka bila kushika kitu.

"Nimevuka bahari nije kufundishwa kukaa na kuinuka?" bibi akauliza. Njia nzima ya kurudi Shimoni hakusema neno.

Lakini alifanya, labda kwa kuwa vidonge vilikuwa vimekwisha. Mazoezi yenyewe ni haya, na hata asiye mgonjwa ayafanye. La kwanza ni kukaa kitini na kuinuka polepole mara 10, na anayeshindwa ashike meza mpaka apate nguvu. La pili, ukiwa umekaa, nyoosha mguu mmoja mbele, ukaze paja, hesabu hadi 5, ushushe, kisha mguu wa pili. Kwa mgongo, lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, nyayo chini, inua makalio yawe kama daraja, hesabu hadi 5. Halafu kutembea, dakika 10 mwanzoni, kidogo kidogo hadi 30. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu. Yakiendelea hadi kesho yake au goti likavimba, punguza, lakini usiache.

Usiache, nasema, kwa maana kulala si dawa. Mwaka 1995 madaktari wa Ufini walichapisha uchunguzi wao kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki walioshikwa na kiuno. Wengine waliambiwa walale siku mbili, wengine waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri wawezavyo. Walioendelea ndio waliopona upesi. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, lilitaja mazoezi na mafunzo, likakubali kuchuliwa, lakini mikanda ile ya kufunga kiunoni halikuipendekeza. Basi anayechuliwa kwa mafuta ya nazi na aendelee. Za wembe, zile chanjo, aziache.

Nyumbani tulibadilisha mambo madogo. Mbuzi ya kukunia nazi humkalisha mtu chini, magoti yamekunjwa mno, basi mjomba aliigongomea juu ya benchi. Chooni tuliweka kiti chenye tundu. Kazi ilikuwa kwenye sala. Bibi aliona haya kusali kitini, ati watu watasema amekuwa mvivu wa sijida. Ikabidi maalim mwenyewe aje amweleze kwamba asiyeweza kusimama au kusujudu ameruhusiwa kukaa, na sala yake ni kamili. Siku hizi husimama, hurukuu, na kwenye sijida hukaa kitini.

Miezi minane imepita. Bibi amepungua kilo nne na nusu. Hakupona, nisidanganye. Siku za kusi goti bado humsumbua, na akipanda ngazi za gati hunishika bega. Lakini kidonge hajameza tena, na mwezi uliopita alikwenda Mkwiro harusini kwa miguu, akapumzika mara mbili njiani. Mwambani huenda siku moja katika bamvua badala ya kila siku, na akiona pweza huchutama badala ya kuinama. Tumemwomba aache kabisa. Hataki kusikia.

Yako maumivu ya mgongo ambayo si ya kujikanda nyumbani. Miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, mkojo au choo kikitoka bila habari, homa na jasho la usiku huku mtu akikonda (kifua kikuu chaweza kuingia hata kwenye pingili), maumivu baada ya kuanguka mnazini, au goti lililovimba likawa la moto pamoja na homa, huyo apakiwe chomboni siku ile ile aende hospitali, asingoje Jumatatu.

Na sisi wanafunzi? Mkoba wa vitabu uvaliwe mabega yote mawili, na kitabu kisicho na kipindi leo kibaki nyumbani. Simu iinuliwe ifike usawa wa macho badala ya shingo kuteremka kuifuata.

Kwetu madumu ya lita 20 yamebaki ya kuwekea maji tu. Ya kubebea ni ya lita 10, na zamu nimeziandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Jina la kwanza, Jumatatu, ni la kakangu. Jumatatu iliyopita alikuwa na mechi.